Nyungunyungu wa Bi Somoe

Uliisikia ile harufu. Usijifanye mafua, uliisikia. Ulipita kwenye kona yetu ya Mtawanya wakati msimu wa korosho umepamba moto, ukavuta pumzi, ukaelewa, kisha ukageuza shingo kama mtu aliyemkuta mkwewe anaoga. Ukaenda zako. Ulipofika kwako ukasimulia, tena kwa sauti ya chini, na ile sauti ya chini ndiyo inayoua watu.

Mimi sisahau. Huo ndio ugonjwa wangu, na mtaa mzima unanichukia kwa huo. Nakumbuka kila aliyesimama mbele yetu akaahidi kuliondoa lile jalala la njia panda. Nakumbuka watu wa semina waliokuja na fulana za kijani kutufundisha usafi wa mazingira, wakaondoka wakituachia chupa zao za maji chini ya mkorosho. Kwenye mikutano ya mtaa nimeyasema haya mpaka siku hizi wakiniona nimenyoosha mkono wanatangaza kwamba muda umekwisha. Basi naandika. Karatasi haina mwenyekiti.

Bi Somoe unamfahamu, hata kama sasa hivi utasema humjui. Ni mjane wa Kimakua, mwembamba, mwenye sauti inayovuka nyua mbili. Kibaraza chake ndicho chuo cha Qur'ani cha mtaa wetu. Nusu ya watu wazima wanaojidai hapa Mtawanya wamejifunza alifu na be mkekani kwake, na wengine walikojoa mkekani pale pale. Kila baada ya somo anawapa watoto chakula: ugali wa muhogo na mboga. Hakuna aliyemtuma. Anasema mtoto mwenye njaa anasoma kwa tumbo, na tumbo halihifadhi aya.

Shida yake ilikuwa mboga. Mchanga wetu unaujua: unamwaga maji, kabla hujaiweka ndoo chini pameshakauka. Mchicha unatujia na gari kutoka mbali, umelala chali kama mlevi. Bi Somoe alishajaribu kupanda nyuma ya nyumba mara nyingi, akavuna majani ya kutosha kumlisha kifaranga.

Kisha akahamia jirani. Veronika, mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa Muleba huko Kagera, alipanga chumba ukuta wa pili. Kwao ganda la ndizi halitupwi, linarudishwa migombani kama mtoto anavyorudishwa kwao. Alipofika hapa akaona tunavyobeba maganda kupeleka jalalani, akashika kichwa. Akaanza kufuga kitu kwenye ndoo.

Bi Somoe alichungulia juu ya ukuta.

"Mwalimu, unafuga nini humo?"

"Nyungunyungu, mama."

"Wa kuvulia?"

"Wa kula maganda."

"Nani anayekula maganda?"

"Wao, mama. Sisi tunakula mchicha."

Na mchicha ulikuwepo, kando ya ndoo, mnene, majani mapana kama masikio ya tembo. Bi Somoe aliutazama muda mrefu. Kesho yake nikaitwa mimi, nije na msumari na moto.

Kazi yenyewe si ya kutisha, na ninakueleza ili usije ukasema hukuambiwa. Ndoo mbili, moja inakaa ndani ya nyingine. Ya juu nikaitoboa kitakoni kwa msumari wa moto, maji yapate kushuka, na kuzunguka ukingo nikatoboa tena ili wapumue. Ndani ya hiyo ya juu Veronika akatandika maboksi yaliyochanwachanwa na kuloweshwa, akachanganya majani makavu, usumba wa nazi na gao la udongo, ujazo wa kiganja. Yakikamuliwa mkononi yatoe tone, yasitiririke. Juu yake akawaweka nyungunyungu, wale wembamba wekundu, aliowaokota kwenye mgomba unaonyweshwa maji ya vyombo. Ndoo ikakaa kivulini, juu ya kimeza ambacho miguu yake inasimama kwenye makopo ya maji, sisimizi wasipande.

"Samaki usiwape," Veronika akasema. "Wala chumvi, wala ndimu, wala mafuta. Maganda ya muhogo, ya ndizi, majani ya chai, hayo sawa. Na uwalishe kama mgonjwa anayepata nafuu. Kidogo, asubiriwe amalize, ndipo umwongeze."

"Kama wakwe," Bi Somoe akasema.

"Wakwe unawajazia, mama. Hawa usiwajazie."

Lakini Bi Somoe alikuwa na hofu yake. Wiki zile zile watoto walikuwa wamepewa dawa ya minyoo shuleni, na mama zao kila mmoja alikuwa anazungumzia minyoo. Akafikiria: wakisikia kwamba chuoni kuna ndoo nzima ya viumbe vinavyojipindapinda, nani atamleta mwanawe? Akaifunika ndoo kwa khanga, akaificha nyuma ya jiko. Akanigeukia mimi.

"Na wewe, mdomo wako hauna komeo. Ukitoa neno, hutakula tena nyumbani kwangu."

Nikaapa. Chakula cha Bi Somoe si kitu cha kuchezea.

Ikaenda vizuri. Ile ndoo ya juu ikajaa mboji nyeusi, laini, inayonuka kama ardhi baada ya mvua ya kwanza. Tukachimba mashimo kwenye ule mchanga usio na haya, tukajaza mboji, tukapanda. Mchicha ukasimama. Bamia zikafuata. Watoto wakala mboga ya hapo hapo, na Bi Somoe akawa anatembea uani kwake kama mwenye shamba la mkonge.

Ndipo korosho zikaiva.

Hapa nina hasira ya zamani. Mkoa mzima tunang'oa korosho tunaliacha bibo. Tunda zima, lenye maji, lenye rangi ya machweo, tunaliacha lioze chini ya mti kwa sababu mnunuzi anataka kilichoning'inia chini yake. Anayeliokota bibo tunajua analipeleka wapi: kwenye pipa, likawe uraka, pombe yetu ya huku. Bi Somoe ana mikorosho ya urithi kwenye njia ya Msimbati, na mwaka huu alipoyatazama mabibo chini akawakumbuka wanawe wa kwenye ndoo. Akajaza kiroba. Akarudi nacho, akawamwagia wote mpaka juu. Alitaka na wao wale sikukuu.

Veronika hakuwepo. Alikuwa amepelekwa Tandahimba kusimamia mitihani, na kule simu yake ilikuwa inapatikana kwa bahati.

Unajua kilichotokea, maana pua unayo. Ile harufu tamu, kali, inayopanda puani na kukaa nyuma ya macho. Hapa Mtwara mtoto mdogo haambiwi hiyo ni harufu ya nini. Na nyungunyungu wakaanza kukimbia, wakapanda kuta za ndoo wakajibandika chini ya kifuniko. Bi Somoe akafurahi. "Wamenenepa," akaniambia, "wanataka matembezi." Akaweka jiwe juu ya kifuniko wasitoke, na khanga ya pili juu ya jiwe.

Sasa fikiria mpita njia anaona nini. Ndoo nyuma ya jiko, imefunikwa khanga mbili na jiwe, inanuka uraka, nyumbani kwa mwalimu wa chuo.

Hakuna aliyeuliza. Hata mmoja. Mkeka ukaanza kupungua. Huyu ana homa. Yule kaenda kwa bibi yake. Zainabu, ambaye mwanawe Latifa ndiye aliyekuwa anasoma vizuri kuliko wote, naye akamtoa. Nilimkuta Zainabu bombani.

"Latifa mbona haonekani chuoni?"

"Anaumwa jino."

"Jino ndilo linalosoma?"

"Kaka, niache. Unajua tunachokijua."

"Mnajua nini?"

Akajitwika ndoo yake ya maji akaondoka. Na mimi na kiapo changu nikabaki nimetumbua macho kama kambale. Nikaenda moja kwa moja kwa Bi Somoe.

"Niruhusu niseme, Bi mkubwa. Watu wanadhani unapika."

Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso. "Nimeshajua wanadhani nini. Pua zao zinafika dirishani kabla yao. Sasa utawaambia nini? Kwamba sipiki uraka, nafuga minyoo tu kwenye nyumba ya Qur'ani? Lipi bora?"

"Ukweli ndio bora."

"Ukweli wako wewe unapendwa na nani hapa mtaani?"

Hapo alinipata.

"Ijumaa ni maulidi ya chuo," akasema. "Wazazi wakija na watoto wao, chuo kipo. Wasipokuja, nakunja mkeka nakwenda kuishi shamba. Siwezi kufundisha mtoto ambaye mama yake ananionea haya."

Ijumaa baada ya swala walikuja. Usiwasifu. Walikuja kwa sababu pilau ilikuwa inanukia mpaka mtaa wa Likombe, na kwa sababu kutokuja kungewalazimu kueleza. Wakakaa karibu na mlango wa ua, wengine hata viatu hawakuvua. Mwalimu Shafii, mwalikwa wetu kutoka msikitini, akafungua kwa dua. Wale watoto wachache waliobaki wakasoma, wakasoma vizuri, na sauti zao zilionekana ndogo katika ule ua. Upepo ukageuka, ukapita jikoni, ukatuletea ile harufu wote kwa pamoja. Watu wakatazama miguu yao. Bi Somoe alikaa wima, ushungi wake mweupe, mkono mmoja umeukamata mwingine.

Hapo ndipo akaingia Issa.

Issa ni mtoto wa mjomba wake Bi Somoe, analima minazi Msimbati, na uvumi wa mtaa ulishamfikia huko. Na kwetu mtoto wa mjomba ni mtani. Mtani anaweza kukuambia mbele za watu neno ambalo adui hathubutu kukuambia chumbani, anaweza kuchukua kitu chako akataka fidia, na wewe huna ruhusa ya kununa. Ukinuna, umejiaibisha wewe. Issa alishusha nazi zake kutoka kwenye bodaboda, akasalimu, akavuta hewa. Akavuta tena. Uso wake ukachanua.

Akapotea nyuma ya jiko. Aliporudi alikuwa amejifunga khanga moja kiunoni na nyingine kifuani kama mwali anayetolewa nje, ndoo iko kichwani, anakata kiuno. Akaishusha katikati ya mkeka.

"Nimekamata," akasema.

"Issa, rudisha hiyo ndoo." Sauti ya Bi Somoe ilikuwa chini. Sijawahi kuisikia ikiwa chini.

"Sirudishi mpaka nipewe jogoo. Jamani, poleni. Wiki nzima hii mmekula njama na pua zenu, hakuna mwenye ubavu wa kusema. Mimi ukoo umenituma. Huyu mama anapika uraka." Akainua kidole. "Na hilo si kosa lake. Kosa lake hatuonjeshi."

Nikasikia pilau ikichemka. Lile neno lilikuwa limekaa kwenye kila koo, na sasa liko mkekani, mchana kweupe, na aliyelitoa anacheka. Issa akaondoa jiwe. Akaomba upawa, hakupewa, akaenda kuuchukua mwenyewe. Akafungua kifuniko bila kutazama, maana alikuwa anatutazama sisi, akazamisha upawa, akauinua mpaka mdomoni.

Wa kwanza akamdondokea kwenye mkono wa kanzu. Wa pili akaning'inia ukingoni mwa upawa, anajinyoosha, anatafuta njia. Issa akashusha macho. Kwenye kifuniko alichokishika kwa mkono wa kushoto walikuwa wamejibandika wengi, wamesokotana, wekundu.

Kisha akasema kwa upole kabisa:

"Dada. Pombe yako inatembea."

Aliyeanza kucheka ni Bi Somoe. Kilianza kama kikohozi, kikamshinda, akajifunika uso kwa ushungi, mabega yakaruka. Watoto wakafuata, wao wakicheka hawajali kitu. Ndipo ua mzima ukapasuka. Issa akaachia upawa, akawa anajikung'uta kanzu huku anazunguka, na kila anapozunguka khanga inafunguka, na kila inapofunguka watu wanaanza upya.

Bi Somoe alipopata pumzi akaeleza yote: maganda, mboji, mchicha, mabibo. "Niliwaficha kwa sababu yenu," akawaambia kina mama. "Niliogopa mtasema nawapa watoto minyoo. Nikaogopa kitu kidogo, nikapata kikubwa."

Mama mmoja akamuuliza Mwalimu Shafii kama viumbe vile ni najisi. Mzee akajiinamia juu ya ndoo, akawaangalia kwa makini.

"Hawa sote tutafikishwa kwao siku moja," akasema. "Si vibaya kuanza kujuana."

Veronika aliingia wakati ule ule, begi la safari bado begani, akiwa ameitwa na vicheko. Alipoiona ndoo akapiga goti.

"Mama, umewapa nini? Wanakufa hawa."

"Mabibo."

"Mabibo wanayala vipi?" Veronika akauliza.

"Wewe si ndiye mwalimu?"

"Kwetu mabibo hayapo, mama. Sijui."

Tukatazamana. Mboga ya watoto iko pale, inafia kwenye ndoo. Ndipo ikasikika sauti kutoka mlangoni mwa ua, sauti ya Zainabu, kali kama ya mtu aliyechoka kuona kazi inaharibiwa.

"Mmeyafunika mabichi? Bibo bichi halifunikwi, linachemka. Lazima kwanza ulipasue, maji yatoke, ulitandaze juani. Ukilifungia kwenye ndoo, siku ya pili linatoa povu, siku ya tatu ukilionja..."

Akasimama. Ua mzima ulikuwa umemgeukia.

"Endelea, shemeji," Issa akasema. "Siku ya tatu ukilionja linakuwaje?"

Sijawahi kuona mtu akitafuta shimo kwenye mchanga kama Zainabu siku ile. "Bibi yangu alikuwa na kazi zake," akasema mwishowe, na akaanza kucheka yeye mwenyewe, kabla hatujamcheka.

"Basi njoo ufanye kazi za bibi yako," Bi Somoe akamwambia. "Mimi naziharibu."

Zainabu akavua viatu mlangoni, akakunja mikono ya gauni. Pilau ikasubiri. Tukaimwaga ndoo juu ya jamvi kivulini, kina mama na watoto wakachuchumaa kuwachambua nyungunyungu mmoja mmoja, na wale wale waliokuwa wanaziba pua wiki nzima wakawa wanashindana nani kaokoa wengi. Veronika akachana maboksi mapya. Mimi nikachimba shimo mbali na jiko, Zainabu akayapanga mabibo mle ndani: tabaka la mabibo, jivu kidogo kuua ukali, majani makavu mengi, udongo, kisha tena. "Yakishapoa kabisa na harufu ikaisha," akasema, "ndipo muwape hao watoto wenu wa kwenye ndoo, tena kwa kiganja." Issa akapewa kazi ya kuchota maji, amevaa khanga zake vile vile, na jogoo hakupewa.

Nilikuwa nimeshika jembe, nikaona ni nafasi yangu. "Mlikuwa na midomo," nikawaambia. "Swali moja tu. Mlangoni kwake ni hatua ngapi?"

Safari hii hakuna aliyesema muda umekwisha.

Bi Somoe alikuwa amechuchumaa karibu na Zainabu, wanagusana mabega.

"Jino la Latifa?" akamuuliza.

"Limepona."

"Alhamdulillahi. Kesho aje, na asisahau juzuu yake."

Latifa hakungoja kesho. Alikuwa ameshakaa mkekani na mikono yake ina udongo mpaka kwenye viwiko, na wengine walikuwa wanajibana pembeni yake, na mwenye mkeka akawafukuza wote wakanawe kwanza. Walisoma tena, wote, ua ukajaa. Pilau ilikuwa imegandia chini kidogo. Tuliila na ukoko wake.

Sasa hivi Mtawanya ukipita asubuhi utakuta makopo yenye matundu chini ya madirisha. Kila mtoto wa chuo alipewa gao la nyungunyungu apeleke kwao, na wazazi wanaomba wengine. Zainabu ndiye bingwa wa mashimo ya mabibo, anaitwa mpaka mitaa ya jirani, na anakwenda kichwa juu. Pale penye mchanga mtupu kuna mchicha, kuna nyanya chungu, kuna mapapai yanayochungulia juu ya kuta.

Na wewe bado umekaa. Unasoma, unatabasamu, unasema ni hadithi nzuri. Sikuiandika utabasamu. Maganda ya muhogo ya mchana wa leo yapo jikoni kwako na umeshapanga nani atayapeleka kutupa. Yaache hapo hapo. Tafuta ndoo iliyopasuka, huwezi kukosa. Washa moto, pasha msumari, toboa. Chana boksi, liloweshe, likamue. Kisha nenda kwa jirani mwenye mgomba, yule ambaye umemkwepa tangu usikie habari zake kwa watu. Mgongee hodi. Akifungua, muulize usoni lile ulilokuwa unalisema pembeni, halafu muombe akuruhusu uchimbe nyungunyungu chini ya mgomba wake. Usingoje Jumamosi, usingoje semina, usingoje mimi nipite. Simama sasa.